Kabla hujajaza fomu ya chuo, ifungue hiyo kozi uone ndani kuna nini

Kila msimu wa kujaza fomu ukikaribia huwa nakaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wengine ndugu, wengine watoto wa marafiki, wengine wameelekezwa tu kwamba kuna mtu anaweza kuwasaidia, na swali langu la kwanza ni lile lile kwa wote: hiyo kozi unayoitaka, mwaka wa pili wanasoma nini? Karibu wote wananyamaza. Jina la kozi analijua, chuo anakijua, hata rangi ya joho la mahafali anaijua, ila ukurasa wenye orodha ya masomo hajawahi kuufungua. Na sio wavivu hao, ni watoto wanaokesha na vitabu. Hamna aliyewaambia kwamba hiyo orodha ipo, iko wazi kwa kila mtu, na ndo kitu cha kwanza kusoma kabla ya kingine chochote.

Sisi watu wazima tunachangia sana. Tangu mtoto ana miaka minne tunamuuliza ukikua utakuwa nani, naye anajibu kwa kazi anazoziona, daktari, mwalimu, mwanasheria, rubani, halafu miaka inaenda na anafika mwaka wa mwisho bado anachagua kwenye orodha ile ile. Mwaka 2020 OECD, shirika la nchi nyingi linalofuatilia uchumi na elimu, walitoa ripoti kuhusu vijana wa miaka 15 waliojibu maswali ya PISA, upimaji wao wa wanafunzi wa nchi mbalimbali, wa 2018, na katika nchi 41 walizoangalia, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walisema wakifika miaka 30 wanatarajia kufanya kazi moja kati ya kazi 10 tu. Kumi, dunia nzima hii ya kazi! Na ukilinganisha na mwaka 2000 hali ilikuwa imezidi kubana, sio kulegea.

Kuna mtafiti mmoja wa Marekani, Linda Gottfredson, alilieleza hili mwaka 1981 kwa namna ambayo mimi imenisaidia sana kuwaelewa hawa wadogo zetu. Anasema mtoto anaanza kufuta kazi mapema mno. Kwanza anafuta zile anazoona ni za jinsia nyingine, baadaye anafuta zile anazoona ni za chini sana au za juu sana kwa watu wa aina yake, na akishafuta ni nadra kurudi kuziangalia tena maana hata hajui kama alifuta. Kwa hiyo kijana akikuletea machaguo yake matatu, ujue kuna kazi kibao zilishatoka zamani bila mtu kuziuliza. Ndo maana mtu akiniambia anataka udaktari simkatishi tamaa hata kidogo, namwomba tu tutembee hospitali nzima kwa mawazo: nani anasoma picha za eksirei, nani anamfundisha aliyevunjika mguu kutembea tena, nani anatengeneza mashine ya kupumulia ikigoma, nani anapima damu, nani anapanga dozi, nani anakaa na takwimu za ugonjwa unaosambaa. Wengine wanarudi pale pale kwenye udaktari, safi kabisa. Wengine wanakaa kimya kidogo halafu wanauliza, hivi huyo wa mashine anasomea wapi?

Sasa tuingie ndani ya kozi, hapa nitakaa sana maana ndo penye mambo.

Tuanze na uchumi. Wengi wanaouchagua wanapenda kufuatilia habari, bei kupanda, serikali kukopa, biashara za mataifa, na wanadhani chuoni ni kuendeleza mjadala huo huo kwa miaka mitatu au minne. Wakifika wanakutana na kalkulasi, matriki, takwimu, halafu ekonometriki ambayo ni takwimu tena ila imekaza zaidi. Anayependa hesabu atafurahi sana, aliyeikimbia hesabu huko nyuma anapata mshtuko. Saikolojia nayo ni hivyo hivyo, mtu anakuja akitaka kuwasikiliza watu na kuwasaidia, anakuta mbinu za utafiti na takwimu ndo uti wa mgongo wa kozi, na akimaliza digrii ya kwanza nchi nyingi hazimruhusu kutibu watu kama mwanasaikolojia mpaka asome tena juu yake na afanye kazi kwanza chini ya usimamizi. Sio kwamba ni kozi mbaya, naipenda sana, ila mtu aingie akijua.

Kwenye kompyuta ndo nakutana na mkanganyiko kuliko sehemu zote. Sayansi ya kompyuta ni hesabu za mantiki na seti, algorithimu, miundo ya data, namna mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu. Teknolojia ya habari imeegemea zaidi mitandao, seva, usalama na kuendesha mifumo ya watu. Uhandisi wa programu ni kujenga programu kubwa mkiwa timu, na kuzitunza. Uhandisi wa kompyuta unaingia kwenye umeme na vifaa vyenyewe. Mifumo ya habari ina biashara na menejimenti ndani yake. Majina yanakaribiana, ila siku za mwanafunzi wa moja na mwanafunzi wa nyingine hazifanani kabisa, na vyuo navyo vinachanganya, kozi yenye jina hili chuo kimoja unaikuta chuo kingine ina jina lile. Ndo maana nasema fungua usome, jina pekee halikwambii.

Famasia ni kemia, tena kemia nyingi, kama kemia ogania ilikuchosha shuleni basi jiulize vizuri. Usanifu majengo ni studio, kuchora na kujenga modeli usiku kucha halafu kusimama mbele ya watu wakikosoa kazi yako na wewe unatakiwa usikilize na urudi kurekebisha. Sheria ni kusoma, namaanisha kusoma hukumu ndefu ukurasa baada ya ukurasa na kutafuta pale jaji alipoamua na kwa nini, mtu anayependa kuongea tu na hapendi kusoma atateseka. Uuguzi sehemu kubwa ya mafunzo iko wodini, na zamu za usiku zinaanza ukiwa bado mwanafunzi.

Binti mmoja nilikaa naye alikuwa ameweka sayansi za bayomedikali namba moja akiamini ndo njia ya kuwa daktari. Tukaufungua ukurasa pamoja, tukatafuta wodi, hamna, tukatafuta wagonjwa, hamna, mwanzo hadi mwisho ni maabara na utafiti. Nilidhani ataifuta. Akausoma tena peke yake taratibu, akaniuliza immunolojia ni nini hasa, tukaongea muda mrefu namna mwili unavyokumbuka ugonjwa uliowahi kuupata, na mwisho akaiacha pale pale namba moja. Safari hii anajua anaifuata kwa ajili gani. Hicho ndo ninachokitafuta mimi, uamuzi unaweza usibadilike hata kidogo, ila ukawa wa kwake.

Namna ya kusoma huo ukurasa: tafuta panapoitwa mtaala, muundo wa programu au mwongozo wa mwanafunzi. Ruka mwaka wa kwanza kwanza, maana mwaka wa kwanza kozi nyingi zinafanana, nenda wa pili na wa tatu. Angalia ya lazima na ya hiari, ya lazima ndo maisha yako, ya hiari ni matangazo mpaka uhakikishe kweli yanafundishwa. Angalia uzito. Vyuo vya Ulaya kwa mfano wanahesabu krediti 60 kwa mwaka mmoja wa masomo, na krediti moja ni saa 25 mpaka 30 za kazi, kwa hiyo mwaka ni saa 1500 mpaka 1800. Ukiona takwimu ina krediti 15 ujue hiyo ni robo ya mwaka wako mzima. Mifumo mingine ina hesabu zake, ila wazo ni hilo hilo, usiangalie somo lipo au halipo tu, angalia linakula kiasi gani cha muda wako.

Halafu kaa darasani kabla hujaenda. Tangu MIT, chuo kikuu cha Marekani, walipotangaza mwaka 2001 kwamba wataweka masomo yao wazi mtandaoni bure, vyuo vingi vimefuata, na leo mwanafunzi mwenye simu na bando anaweza kusikiliza lekcha ya kozi anayoiwaza. Ila usisikilize ya kwanza, ya kwanza kila mwalimu anaifanya tamu. Sikiliza ya tano au ya sita, pale kwenye kazi yenyewe, na ujiangalie: unataka kujua kinachofuata au unatazama saa? Na ukimpata mtu anayesoma hiyo kozi usimuulize kozi ni nzuri, atakwambia ni nzuri. Muulize Jumanne iliyopita alifanya nini tangu asubuhi mpaka anaingia kulala. Hapo utapata ukweli wote.

Kuhusu kujijua wewe mwenyewe, hili jambo lina zaidi ya miaka mia. Frank Parsons alifungua ofisi ya ushauri wa kazi kule Boston mwaka 1908, akafariki mwaka huo huo, na kitabu chake kikatoka 1909, na alichosema bado ndo msingi: ujijue, uzijue kazi zenyewe, halafu ukae ufikiri hayo mawili yanakutana wapi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia John Holland akaja na nadharia yake iliyozaa makundi sita ya watu tunayoyajua leo, wanaopenda vitendo na vifaa, wanaopenda kuchunguza, wa sanaa, wanaopenda kuhudumia watu, wanaopenda kuongoza na kushawishi, na wanaopenda mpangilio na kumbukumbu. Majaribio mengi ya mtandaoni yametoka hapo, na Wizara ya Kazi ya Marekani ina la bure kabisa kwenye tovuti ya O*NET, lile fupi lina maswali 60. Lifanye. Ila mimi nasisitiza kitu kimoja, lile jaribio litumie kuongeza orodha yako, usilitumie kupunguza. Likikutajia kazi usiyoijua, nenda kaisome. Lisipokutajia kazi unayoipenda, endelea kuipenda, maana maswali sitini hayawezi kukujua kuliko unavyojijua.

Na alama za darasani zina nafasi yake ila zisikudanganye. Kuna mtu anafaulu fizikia kwa sababu ana mwalimu mzuri na nidhamu, moyo wake uko kwingine kabisa. Kuna mwingine bayolojia anapata wastani lakini ndo somo pekee analolisoma bila kusukumwa. Huyo wa pili namwonea matumaini makubwa.

Sasa mihuri, na hapa wazazi wangu mnisikilize pia. Kuna mihuri miwili na watu wengi wanaangalia mmoja. Wa kwanza ni wa chuo, kwamba kinatambulika na mamlaka ya elimu ya nchi kilipo. Wa pili ni wa kozi, kwamba bodi ya taaluma yenyewe, ya madaktari, ya wahandisi, ya wanasheria, ya wahasibu, ya wauguzi, inaikubali hiyo kozi kwa ajili ya kukusajili ufanye kazi. Chuo kinaweza kuwa kikubwa na halali na bado kozi yake moja ikawa haina muhuri wa bodi. Wahandisi wana makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, yalianza na nchi sita, Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand, na nyingine zimejiunga baadaye, na kinachotambuliwa pale ni programu moja moja, sio chuo kizima. Kwa udaktari kuna orodha ya dunia ya vyuo vya tiba, ni nzuri kuanzia, lakini chuo kuwepo kwenye orodha sio sawa na kuthibitishwa ubora, na waandaaji wenyewe wanalisema hilo. Kwa hiyo ukisoma tangazo linasema tunatambulika kimataifa, funga tangazo, fungua tovuti ya bodi ya nchi unayotaka kuja kufanyia kazi, tafuta jina la kozi kwa macho yako. Usipoliona, andika barua pepe uulize. Ni jambo la nusu saa na linaokoa miaka.

Angalia pia njia nzima inaishia wapi. Marekani udaktari na sheria vinasomwa baada ya digrii ya kwanza, wakati Uingereza na nchi nyingi nyingine unaingia moja kwa moja ukitoka sekondari, kwa hiyo ukilinganisha ada na miaka linganisha mpaka siku ya kusajiliwa, sio mpaka siku ya mahafali. Kwenye sheria karibu kila mahali baada ya digrii kuna mafunzo ya vitendo na mitihani mingine. Na kama unataka urubani, kapime afya kwanza kabla familia haijalipa chochote, macho hasa, lile jaribio la vidoti vya rangi alilolitoa daktari Ishihara wa Japani mwaka 1917 bado linatumika na limewashangaza vijana waliokuwa hawajui kabisa kwamba rangi fulani hawazitofautishi.

Haya, fomu yenyewe. Kila mwaka nasikia ushauri ule ule ukizunguka, usiweke kozi ngumu namba moja utapoteza nafasi, weka ya uhakika juu. Ushauri huu unaweza kuwa sahihi au ukawa wa hatari kabisa, inategemea mfumo unaogawa nafasi unafanyaje kazi, na hili ndo jambo ambalo karibu hakuna anayewaeleza wanafunzi. Wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley waliandika mwaka 1962 namna ya kugawa ambapo anayeomba hapotezi kitu kwa kusema ukweli wake: mfumo unakupeleka kwenye chaguo lako la kwanza, ukikosa unaenda la pili, na huko la pili unashindanishwa kwa sifa zako sawa sawa na waliokuja mwanzo, hakuna anayekuadhibu kwa kuliweka la pili. Shapley na Alvin Roth walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 kwa kazi za namna hii, na New York walianza kuutumia mfumo huu kwenye sekondari zao mwaka 2003. Kwenye mfumo kama huo panga kwa mapenzi yako halisi kuanzia juu, basi.

Lakini kuna mifumo ambayo chaguo la kwanza linajaza nafasi zote kwanza, wa chaguo la pili wanapewa makombo hata kama wana alama za juu. Boston walikuwa nao kwenye shule zao mpaka walipouacha mwaka 2005, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wazazi wanaoujua mchezo walikuwa wanafaidi kuliko wasioujua. Kwenye mfumo wa hivyo ni kweli, namba moja lazima uipange kwa hesabu. Kwa hiyo kabla hujapanga chochote uliza swali moja kwa wahusika: aliyeweka kozi hii namba tatu mwenye alama za juu, na aliyeiweka namba moja mwenye alama za chini, nani anachukuliwa? Jibu la hapo ndo litakupangia fomu, sio stori za waliotangulia.

Na kama machaguo yana kikomo, acha nafasi za chini kwa kozi ambazo alama zako zinatosha bila wasiwasi. Ila hata hiyo ya mwisho kabisa huwa namuuliza mtu, ukipata hii peke yake, utaenda? Kama jibu ni hapana, itoe uweke nyingine, maana nimeona watu wanajazia mistari tu halafu ndo inayowaangukia.

Wazazi. Najua nyumba nyingi hapa pana mvutano, na mimi nasimama na mtoto mara nyingi ila siwabezi wazazi hata kidogo. Mzazi anayeng'ang'ania uhasibu au udaktari mara nyingi anaogopa, anaogopa mwanae atamaliza akose pa kushika, na hofu haijibiwi kwa kusema ndo ndoto yangu. Mpelekee karatasi, mdogo wangu. Kozi ni hii, bodi inaitambua, waliomaliza wanafanya kazi hizi na hizi, njia ni miaka kadhaa, ada ni hii, ufadhili nitakaoomba ni huu na mwisho wa kuomba ni tarehe hii. Mzazi akiona umeifanya hiyo kazi yote mwenyewe, mazungumzo yanabadilika. Sio kila mara, lakini mara nyingi kuliko unavyodhani.

Na bado mambo yanaweza yasiende. Matokeo yanatoka chini ya ulivyotegemea, au kozi inajaa. Diploma inayofungua mlango wa digrii ni njia halali kabisa, ya miaka zaidi, na kwenye ufundi na afya waliopita huko wanafika wakiwa na mikono inayojua kazi. Mwanasaikolojia John Krumboltz na wenzake waliandika mwaka 1999 kwamba maisha ya kazi ya watu wengi yamejaa bahati nasibu, na kinachomsaidia mtu kuzitumia ni udadisi, kuvumilia, kubadilika, matumaini na kuthubutu. Nakubaliana nao. Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi yoyote uliza hapo chuoni, naweza kuhamia kozi nyingine, masharti ni yapi na mwisho ni wiki ya ngapi? Vyuo vingi vina dirisha dogo mwanzoni mwa muhula, likifungwa limefungwa.

La mwisho ni dogo ila linaumiza watu. Toa vyeti vyako vyote leo, cha kuzaliwa, vya shule, kitambulisho au pasipoti, vipange mezani usome jina lako herufi kwa herufi. Kama kimoja kina herufi iliyozidi au jina la tatu halipo, anza kulirekebisha sasa, maana linachukua wiki na tarehe za mwisho hazisubiri. Fungua barua pepe ya kwako mwenyewe, sio ya kaka wala ya mtu wa duka la intaneti, na nywila uiandike sehemu salama nyumbani. Na kama unataka kuombea chuo cha nje kinachodai mtihani wa lugha, kumbuka matokeo ya IELTS na TOEFL yanahesabika miaka miwili tu, usifanye mapema ukajikuta unalipa tena. Barua za mapendekezo waombe walimu kabla shule haijafungwa, wakiwa bado wanakukumbuka na wako ofisini.